Mama ana saratani ya titi, rafiki kamletea mafuta ya kaboni: anywe?

SWALI: Habari Daktari. Mimi ni mwanafunzi Maseno, kwetu ni Nyalenda, Kisumu. Mama yangu ana miaka 54. Mwezi jana alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye titi kikapelekwa kupimwa, na majibu yakarudi kuwa ni saratani. Daktari amesema aanze na kemo ili uvimbe upungue, halafu afanyiwe upasuaji. Amepangiwa kuanza baada ya siku kumi na mbili. Sasa rafiki yake wa kanisani ameleta chupa ya mafuta iliyoandikwa C60, eti ni kaboni ya nano, vijiko viwili kila asubuhi, shilingi elfu sita chupa moja. Nilipotafuta mtandaoni nikakuta wanasayansi kabisa wanasema kaboni ya nano inaonyesha saratani kwenye picha na kuiunguza kwa mwanga. Mama anataka kemo isubiri miezi miwili ajaribu mafuta kwanza. Je, haya ni ya kweli au ni biashara? Nimwambie nini?

JIBU: Mwanangu, poleni sana, na mama umfikishie pole zangu. Nianze na jibu lenyewe, kwa kuwa siku kumi na mbili si nyingi: kemo isisogezwe mbele hata wiki moja kwa sababu ya chupa hiyo, na mafuta hayo asiyanywe. Sababu nitakupa kwa urefu, maana uliyoyasoma kuhusu kaboni yana ukweli mwingi ndani yake, na hapo ndipo mtu hunaswa. Uongo mtupu ungeutambua mwenyewe. Wewe umeletewa ukweli wa maabara, ukabandikwa kwenye chupa isiyo na uhusiano nao.

Ujue pia anayekujibu ni nani. Mimi ni mkemia. Udaktari wangu ni wa shahada ya uzamivu, si wa kutibu, na miaka mingi nimefanya kazi na chembe hizi hizi za kaboni. Mwenye faili la mama ni daktari wake wa saratani, na lolote nitakalosema hapa lisipishane na maagizo yake.

Kaboni unaifahamu tangu utotoni. Makaa ya jikoni, masizi ya chini ya sufuria, risasi ya penseli na almasi ya kwenye pete vyote ni kaboni. Kinachovitofautisha ni namna atomu zilivyoshikana. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley walikuta atomu 60 za kaboni zimejifunga zikawa kitufe kitupu ndani, chenye vipande vya pembe tano na vya pembe sita vilivyoungana sawasawa na mshono wa mpira wa miguu. Ndiyo C60, ambayo tunaiita fulerini. Iliwapa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996. Mwaka 1991 Mjapani Sumio Iijima akaeleza mirija ya kaboni, yaani karatasi ya atomu iliyoviringwa kama mkeka. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, kule Manchester, wakaibandua karatasi yenyewe, ya unene wa atomu moja, kutoka kwenye kipande cha grafiti, kaboni ile ya penseli, kwa selotepu ya kawaida. Hiyo ni grafini.

Ukubwa wake ni huu: nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita kama 7,000, na kitufe cha C60 hakizidi nanomita moja. Kitu kidogo hivyo huenda mahali ambapo vitu vingine haviendi. Hilo lilichangia kuwavuta watu wa tiba, lakini kilichowavuta zaidi ni weusi wake.

Usiku stima zikipotea, fanya jaribio hili na mama. Washa tochi ya simu, ubane ncha ya kidole juu ya taa. Kidole kitawaka chekundu. Taa ni nyeupe, ina rangi zote ndani yake, lakini kijani na bluu zimemezwa na damu, na nyekundu ndiyo iliyopenya nyama ikatokea upande wa pili. Ukipita wekundu huo kidogo, ukaingia kwenye mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 700 hadi 900 hivi, damu na maji ya mwili huuzuia kidogo sana. Wataalamu wa picha za mwili hapo wanapaita dirisha, na ni jina linalofaa, kwa sababu ndipo mwili unapokubali kuchunguliwa.

Sasa weka kitu cheusi nyuma ya dirisha hilo. Aliyevaa shati jeusi saa saba mchana pale Kondele hahitaji maelezo: kitu cheusi humeza mwanga na kuugeuza joto. Mirija ya kaboni humeza mwanga wa dirishani vizuri sana, huku nyama iliyoizunguka ikiuacha upite. Mwaka 2005 maabara ya Hongjie Dai katika Chuo Kikuu cha Stanford iliivika mirija hiyo foleti, vitamini ambayo seli nyingi za saratani huitamani kupita kiasi, kisha ikazimulika seli kwa leza. Seli zilizokuwa zimemeza mirija zilikufa, na zile ambazo hazikuimeza zilinusurika mwanga ule ule. Seli ikikaa kwenye joto la nyuzi 42 hadi 45 huanza kuharibika, na ikivuka 50 hufa kwa dakika chache. Kwa hiyo mtandao haukukudanganya ulipokwambia kaboni inaweza kuunguza saratani.

Na picha je? Ukiupiga mwanga kwa vipigo vifupi vifupi, kitu cheusi hupata joto ghafla, hutanuka, na kutanuka huko hutoa sauti ndogo. Sauti hupenya nyama kwa urahisi kuliko mwanga, hivyo unaweza kuidaka juu ya ngozi kwa kifaa cha jamii ile ile anachopitishiwa mama mjamzito tumboni. Mwanga unaingia, sauti inatoka, na kompyuta inachora picha. Mwaka 2008 watafiti wa Stanford walionyesha hivyo uvimbe kwenye panya waliodungwa mirija ya kaboni. Mwaka uliofuata wakaonyesha njia nyingine: mirija yenye ukuta mmoja ikimulikwa hurudisha mwanga wake yenyewe, wenye mawimbi marefu kupita nanomita 1,000, ambao hautawanyiki sana ndani ya nyama, na mishipa midogo ya damu ya panya huonekana dhahiri. Mimi nilipoiona picha ya namna hiyo mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Panya mzima, hajakatwa popote, na mishipa yake imechorwa kama mito kwenye ramani.

Ila panya, mwanangu, anatosha kwenye kiganja. Uvimbe wake wa majaribio hupandwa chini tu ya ngozi, na mwanga wa dirishani huchoka baada ya sentimita chache. Ini la mtu mzima liko nyuma ya ngozi, mafuta, misuli na mbavu. Ndiyo sababu tiba ya kuunguza kwa mwanga, kwa mirija ya kaboni, haijawa tiba ya hospitali popote. Chembe za nano zilizofika mbele kwa wagonjwa kwenye njia hiyo ni za dhahabu. Mwaka 2019 yalichapishwa Marekani matokeo ya wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume waliodungwa chembe zilizofunikwa dhahabu, kisha nyuzi za mwanga zikaingizwa hadi ndani ya tezi yenyewe, na matibabu yakakamilika kwa 15 kati yao. Hebu angalia kazi iliyohitajika: chumba cha upasuaji, leza, picha za MRI za kuongoza nyuzi, na daktari anayejua kila milimita ilipo. Kijiko cha mafuta asubuhi kinafanana wapi na hayo?

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakulisema, na pengine halijui. C60 si kaboni ile inayomeza mwanga wa dirishani. Humeza zaidi mwanga wa urujuanimno na, kwa kiasi kidogo, ule unaoonekana kwa macho. Hata ungempeleka mama mbele ya leza ya maabara baada ya kunywa chupa nzima, chupa hiyo isingekuwa na kazi pale. Zile tafiti ulizosoma ni za mirija iliyovikwa vazi maalumu, ikapimwa urefu, ikaoshwa metali ya kiwandani, ikadungwa. Mafuta yana jina la kaboni tu.

Sasa tuje kwenye C60 yenyewe, maana ina hadithi yake. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo kutoka Ufaransa kwamba panya walionyweshwa C60 kwenye mafuta ya zeituni waliishi karibu mara mbili ya wenzao. Makundi yalikuwa matatu, kila moja la panya sita. Panya sita! Kwa mkemia idadi hiyo ni sababu ya kurudia jaribio, wala haitoshi kufungulia duka. Lakini maduka yalifunguliwa, na biashara ya chupa hizo ikaenea mtandaoni hadi imefika Nyalenda. Jaribio lilirudiwa na wengine, likachapishwa mwaka 2020, na hawakuona panya yeyote akiongezewa maisha. Waliona kingine: mafuta yaliyowahi kupigwa na mwanga yaligeuka sumu, na panya walionyweshwa waliugua sana, wengine wakafa, ndani ya wiki mbili. Itazame chupa ya mama. Mafuta ya C60 huwa na rangi ya damu ya mzee. Kama unaiona rangi hiyo kupitia kioo, basi na mwanga unaingia humo, na hujui ilikaa dirishani mwa duka gani, chini ya jua hili letu, kwa miezi mingapi.

Tena wauzaji huisifu C60 kwamba inanyonya radikali huru, yaani chembe kali zinazoharibu seli, kama sponji. Kwenye mrija wa maabara ni kweli, sifa hiyo inajulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ila baadhi ya dawa za kemo, na mionzi pia, huua seli za saratani kwa kutumia radikali hizo hizo. Ndiyo maana madaktari wengi wa saratani huwakataza wagonjwa kunywa virutubisho vya kuzima radikali wakati wa matibabu bila kuwauliza. Ikiwa sifa ya muuzaji ni ya kweli, mafuta yanaweza kumpinga daktari. Ikiwa si ya kweli, shilingi elfu sita zimekwenda. Sioni upande ambao mama anafaidika.

Nikueleze pia ninavyoiheshimu kaboni hii nikiishika. Siku ya kwanza nilipofungua kichupa cha mirija ya kaboni nilikuwa mwanafunzi wa uzamili. Gramu moja ilijaza kichupa karibu chote. Ni unga mweusi mwepesi kuliko majivu, na nilipogeuza kifuniko tu, ukungu mdogo ulipanda hewani. Mwalimu wangu alinishika mkono, akarudisha kifuniko, akaniambia nikavae barakoa na nifungulie ndani ya kabati la kunyonya hewa. Sababu yake niliielewa baadaye. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mirija mirefu iliyonyooka, ikiwekwa kwenye tumbo la panya, huleta uvimbe na makovu yanayofanana na yale ya asbestosi. Seli za ulinzi hujaribu kuimeza sindano ndefu kuliko zenyewe, hushindwa, na hubaki zikimwaga kemikali za vita mahali pale pale. Umewahi kuona paa za asbestosi kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi, zile tunazokatazwa kuzivunja ovyo; ni hatari ya jamii hiyo. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina moja ya mirija hiyo, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mirija mingine haikupewa daraja kwa kuwa ushahidi haukutosha. C60 si sindano, simtishi mama bure. Lakini utaona kwamba neno “kaboni” peke yake halisemi lolote kuhusu usalama. Umbo, urefu, vazi na mahali kitu kilipowekwa ndivyo vinavyosema, na kwenye chupa hiyo hakuna hata kimoja kilichoandikwa.

Na kaboni haiyeyuki mwilini. Figo hupitisha vitu vidogo kuliko nanomita sita hivi. Vilivyozidi hapo hukamatwa na ini na bandama, na kwenye panya mirija imeonekana ndani ya ini miezi kadhaa baada ya sindano. Dawa nzuri lazima ijue njia ya kutoka. Kwangu hili ndilo fundo kubwa kuliko yote katika fani yetu, na ndilo ninalowaambia wanafunzi wangu wafikirie kabla ya kuniletea picha yoyote ya kung'aa.

Wanafunzi hao hupenda sana nukta za kaboni, na siwalaumu. Unachukua maji ya ndimu, unayapika ndani ya chombo kilichofungwa kwenye oveni kwa saa kadhaa, unachuja, unapata maji ya kahawia yasiyo na mvuto wowote. Kisha unayamulika kwa ile taa ya zambarau ya kukagua noti bandia dukani, na maji yanawaka bluu. Chembe hizo ziligunduliwa mwaka 2004 Marekani, watu wakiwa wanasafisha masizi ya mirija, hawakuwa wakizitafuta. Zina matumaini makubwa kwenye picha za seli, maana nyingi ni ndogo kiasi cha kutoka kwa mkojo. Ninakutajia kwa sababu nyingine: ukiona jinsi ilivyo rahisi kuzitengeneza, utajua pia ilivyo rahisi kwa mtu yeyote kujaza chupa na kuibandika neno “nano”.

Nimesema mengi ya kukataza. Sasa nikupe upande wa pili, kwa sababu ipo kaboni iliyokwisha kuingia chumba cha upasuaji, na inaweza kumhusu mama moja kwa moja.

Uchina kuna sindano ya chembe za kaboni iliyoidhinishwa kwa wagonjwa. Ni wino mweusi, na kila chembe ina upana wa nanomita kama 150. Kipimo hicho kina maana. Mishipa midogo ya damu ina nafasi za nanomita 20 hadi 50 kati ya seli za ukuta wake, kwa hiyo chembe hizo haziwezi kupita. Mirija ya limfu, ile inayobeba majimaji ya mwili, ina nafasi za 120 hadi 500, kwa hiyo huko zinapita. Ukidunga wino kando ya uvimbe, haukimbilii kwenye damu. Unafuata njia ya limfu, ile ile ambayo saratani hutumia kusambaa, na baada ya dakika chache matezi ya kwanza kwenye njia hiyo yanageuka meusi tii mbele ya macho ya daktari. Anayaona bila mashine, anayatoa, yanapelekwa kupimwa. Mtu akipasuliwa tezi ya shingo, ile ikivimba tunayoiita rovu, wino una faida ya pili ninayoipenda zaidi. Nyuma ya tezi hiyo kuna vijitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyolinda kiwango cha kalsiamu. Vikikatwa kwa bahati mbaya, mgonjwa hubaki na ganzi ya vidole na kukakamaa misuli, pengine maisha yake yote. Wino hupaka tezi na matezi ya limfu, lakini vijitezi hivyo hauvigusi. Vinabaki na rangi yake ya asili katikati ya weusi, na mkono wa daktari unajua pa kuepuka.

Kwa saratani ya titi, njia zilizozoeleka za kutafuta tezi la kwanza la kwapani ni rangi ya bluu na dawa ya mionzi ya teknishiamu. Teknishiamu hupungua nusu kila baada ya saa sita, kwa hiyo inataka hospitali yenye ugavi wa uhakika na mashine ya kuisoma. Kaboni haipungui nguvu njiani. Nikiulizwa fedha za utafiti wa kaboni hapa Kenya magharibi ziende wapi, nitasema ziende kwenye wino huu kwanza, leza ifuate baadaye. Ni wino safi wa hospitali ninaousema, uliochujwa na kuuliwa vijidudu. Mtu asije akasaga makaa ya Kibuye.

Sasa sikiliza kwa makini, hapa ndipo mama anapoingia. Yeye anaanza kemo kabla ya upasuaji. Kemo ikifanya kazi vizuri, uvimbe unaweza kunywea hadi usionekane wala kushikika, na tezi la kwapani lililokuwa na ugonjwa likarudi kufanana na mengine. Ni habari njema, lakini siku ya upasuaji daktari atajuaje pa kukata? Kwa hiyo kabla ya dozi ya kwanza mahali huwekwa alama, mara nyingi kwa kijichuma kidogo kinachoingizwa kwa sindano chini ya altrasaundi, na baadhi ya hospitali duniani hutumia tone la wino wa kaboni, ambao hukaa pale pale miezi yote ya kemo. Swali la kumuuliza daktari wiki hii, kabla siku hazijaisha, ni hili: “Je, uvimbe na tezi la kwapani vimewekewa alama, au vitawekewa?” Huenda tayari imefanyika, au kwa hali ya mama haihitajiki, atakujibu. Ni swali la heshima na daktari hatalichukia.

Kaboni nyingine ya hospitali haimgusi mgonjwa kabisa. Mashine ya eksirei, kwa miaka mia moja na zaidi, imetegemea uzi wa tungsteni uliochomwa hadi nyuzi elfu mbili hivi ili utoe elektroni, kama balbu za zamani. Mirija ya kaboni hutoa elektroni ikiwa baridi. Watu wa Kisii na Kakamega mnajua radi inavyopenda ncha ya mti mrefu. Umeme hukusanyika penye ncha, na hakuna ncha kali kama ya mrija wenye upana wa nanomita chache. Australia kuna kampuni inayotengeneza kwa njia hiyo mashine ya eksirei ya magurudumu isiyofika kilo 100, wakati zile za kawaida za kusukumwa wodini zina uzito wa kilo mia kadhaa. Fikiria zahanati iliyo mwisho wa barabara ya murramu kule Nyatike, mashine ikashushwa na watu wanne. Hiyo ndiyo kaboni ya nano ninayoitamani itufikie.

Na mama asidhani kemo ni kitu cha zamani kilichoachwa nyuma na “nano”. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa saratani ya titi ni doksorubisini, yenye rangi nyekundu. Kama imo kwenye orodha yake, mkojo ukiwa mwekundu siku moja au mbili asishtuke. Dawa hiyo ina toleo lililofungwa ndani ya vitone vya mafuta vya nanomita kama 100, lililoidhinishwa Marekani mwaka 1995 baada ya majaribio kwa wagonjwa. Mwaka 2011 watafiti waliifunga kwenye almasi za nano na kuona, kwa panya, kwamba uvimbe uliokuwa umeizoea dawa ulianza tena kuisikia. Nano ya kweli inaelekea kwenye kubeba kemo vizuri zaidi. Haijaifukuza.

Kuhusu kuzungumza na mama, nakuomba usianze na chupa. Rafiki yake wa kanisani amekuja na upendo, na ukimwita tapeli mama atamtetea, mazungumzo yaishie hapo. Anza na kemo. Muulize anaogopa nini hasa. Mara nyingi ni kutapika, nywele, au mtu fulani aliyemwona akidhoofika. Mengi ya hayo yana dawa au maandalizi, na muuguzi wa kliniki ataeleza kuliko mimi. Mwonyeshe jaribio la tochi ukipenda. Mwambie umeuliza, na kwamba kaboni anayosikia ikisifiwa inahitaji sindano, leza na daktari, na haipatikani kwa kijiko. Uvimbe wa titi hautasubiri miezi miwili kwa adabu. Hivi sasa daktari anaona nafasi ya kuupunguza na kuutoa, na nafasi hiyo ina tarehe.

Chupa usiitupe. Itie kwenye mfuko, uende nayo kliniki siku ya miadi. Kama mama ameshakunywa, hata kijiko kimoja, semeni lini na kiasi gani, na msifiche kwa aibu, maana atapimwa damu, ini na figo kabla ya dozi na daktari anahitaji kusoma majibu hayo akijua kila kilichoingia tumboni.

Kama hela ya chupa haijalipwa, kwanza nunua kipimajoto cha kwapani. Wakati wa kemo, joto likifika nyuzi 38 mama apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku, asingoje kupambazuke, asipewe panado akalala. Nambari ya mtu wa gari au boda anayekubali kuja Nyalenda usiku iwe kwenye simu yako na ya jirani kabla ya dozi ya kwanza. Zinazobaki ni nauli ya kliniki, mayai na omena.